Jino linatoka wiki ijayo, mfupa wa taya niuokoe vipi?

Habari zenu daktari na wasomaji wenzangu, naombeni ushauri maana siku zimebaki chache. Jino langu la mbele juu limepasuka mzizi, eksirei imeonyesha, linang'olewa alhamisi ijayo na hilo nshalikubali. Kinachoninyima usingizi ni mfupa.

Miaka 6 iliyopita niling'oa gego la chini nkakaa na pengo, hakuna aliyeniambia lolote. Mwaka jana naenda kuweka implanti (ile skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya kushikilia jino bandia) napigwa skani naambiwa taya pale imesinyaa, skrubu haina pa kushika mpaka nijengewe mfupa kwanza. Iliniuma sana jamani.

Sasa hili la mbele sitaki yajirudie. Daktari wa kwanza anasema aking'oa tu hapo hapo anajaza shimo chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, anafunika na utando wa kolajeni, anashona, nasubiri kama miezi 4 mpaka 6 ndo implanti inaingia. Anasema meno ya mbele ukuta wa nje wa mfupa ni mwembamba mno, shimo likiachwa hivi hivi upana unaweza kupungua hadi nusu ndani ya mwaka na sehemu kubwa inaondoka miezi 3 ya mwanzo. Alikuwa mkweli pia kwamba kujaza hakuzuii kupungua kote, kunapunguza tu. Wa pili anasema niache lipone lenyewe, mfupa ukikosekana tutajenga baadaye. Baadaye tena?? Ndo nlipofikia kwenye gego.

Mi naelemea kwa wa kwanza ila hela ya implanti sina sa hivi, labda baada ya mwaka na nusu. Je nikijaza halafu nikachelewa hivyo si mfupa utasinyaa tena maana hakuna kinachoutumikisha pale, au bado nitakuwa nimeokoa kitu? Na ufizi una usaha kidogo, wanaweza kujaza siku hiyo hiyo au mpaka usaha uishe kwanza? Nina kisukari pia, natumia vidonge na vipimo viko vizuri, sigara nimeacha tangu mwezi uliopita niliposikia inachelewesha kidonda kupona.

Mliojaza mkakaa muda mrefu kabla ya implanti, skani ilikuja kuonyesha nini? Na daktari naomba unijibu hasa hilo la usaha kabla ya alhamisi.