Mbio za benki si marathoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie neno moja la Kiingereza linalowatega wafasiri wa habari karibu kila wiki: "run". Mtoto wa shule ya msingi atakwambia maana yake ni kukimbia, na hajakosea. Ila maana hiyo hiyo ndiyo inayomrukia mfasiri kichwani wakati ukurasa unakaribia kufungwa, na msomaji anaamka asubuhi kukuta sentensi isiyo Kiswahili wala Kiingereza.

Kamusi kuu ya Oxford ilimpa "set" taji la neno lenye maana nyingi kwa miaka mingi. Toleo la pili la mwaka 1989 liliorodhesha maana 430. Kazi ya kuandaa toleo la tatu ilipofika kwenye "run", taji likahama. Kitenzi hicho peke yake kilipata maana 645, na mwanakamusi Peter Gilliver alitumia zaidi ya miezi tisa kuzipanga. Hakuna anayezikariri zote. Kwani nani amekariri maana za "piga"? Tunapiga simu, pasi, deki, kura, hodi, mbizi na chafya, na hakuna kinachoumia. Maana ya "piga" tunaipata kwenye neno linalofuata. "Run" nalo ni hivyo hivyo, isipokuwa inabidi kutazama pande mbili: nani au nini kinatenda, na kijineno gani kimefuata nyuma.

Tuanze na mtenda. Treni ikifanya "run" kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inafanya safari. Reli ikifanya "run" kati ya miji hiyo hiyo, haiendi popote: inaanzia Dar es Salaam hadi Dodoma. Mto unatiririka, pua inatoka makamasi, khanga mpya inachuja, soksi inafumuka, mkataba unadumu hadi Desemba, mchezo wa kuigiza unaendelea kuonyeshwa, gazeti linachapisha habari. Mfumuko wa bei ukifanya "run" kwa asilimia 4, basi ni asilimia 4, kwisha. Na dereva akiambiwa aache injini ifanye "run", Kiswahili chepesi kuliko vyote ni kukanusha: usizime injini.

Maji hayakuazimwa kutoka kwa miguu, kama wengi wanavyodhani. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki tayari kilitumika kwa kitu kinachotiririka na kwa kiumbe kinachokwenda mbio. Ndiyo maana mfasiri anayeng'ang'ania kwamba maana "halisi" ni miguu, na nyingine zote ni mapambo, hupotea mapema.

Sasa kijineno. Kosa baya kuliko yote liko kwenye "run out of". Tafsiri za mashine zikishindwa, na za watu pia, hutupa viroja vya aina ya "hospitali imekimbia nje ya damu". Kiswahili kina umbo lililokamilika kwa kazi hii: kuisha, kuishia, kuishiwa. Hospitali imeishiwa damu. Ni mnyumbuliko uleule wa kufa, kufia, kufiwa: jambo limetokea, na mtajwa ndiye lililompata. Angalia lakini usiishie katikati. Ukiandika "dawa zimeishia hospitalini", umesema dawa zilifika hospitalini na hazikwenda mbele zaidi, habari nyingine kabisa, na pengine ya kashfa.

"Run over" nayo inataka umakini kwa sababu inafika mahakamani. Gari likimpiga mtu dafrau limemgonga. Magurudumu yakipita juu yake limemkanyaga. Kiingereza hicho kwa kawaida kinalenga la pili. Habari ikiwa haisemi wazi, ni heri kumpigia simu mwandishi aliyekuwa eneo la tukio kuliko kubahatisha. "Run into" ina sura tatu: ukuta unagongwa, rafiki mnakutana naye bila kutarajia, na hasara inafikia mamilioni.

Kurasa za uchumi zina mtego wake. "Bank run" ni pale wateja wengi wanapokimbilia kutoa fedha zao kwa wakati mmoja kwa hofu kwamba benki inaanguka. Mnamo Machi 9, 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku hiyo moja, na kesho yake benki ikafungwa. Ukiandika "mbio za benki", kwa jinsi mabenki yetu yanavyopenda kuandaa marathoni, msomaji ataanza kutafuta fulana na namba ya kifuani. Andika "wateja kukimbilia benki kutoa amana". Ni ndefu, lakini inaeleweka.

Wapo waliokwisha kuogopa "kukimbia" wakahamia wote kwenye "kuendesha". Kuendesha duka, sawa. Kuendesha kampuni, sawa. Kuendesha programu kwenye kompyuta, sawa pia. Lakini vipimo vinafanywa, silaha zinasafirishwa kwa magendo, maji ya kuoga yanafunguliwa, na mgonjwa ana homa, haiendeshi. Tena kwenye habari za afya tahadhari iongezeke, maana tumbo la kuendesha kila mtu analijua. Ajabu ni kwamba Waingereza nao ugonjwa huo wanauita "the runs". Hapo lugha mbili zimekutana bila mfasiri.

Kwenye siasa tumejengewa msamiati mzuri na hakuna udhuru. Anayefanya "run" kwa ajili ya ubunge anagombea, au anawania kama wasemavyo zaidi Kenya. "Alikimbia ubunge" maana yake aliutoroka. "Run-off" ni duru ya pili. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka pale ambapo hakuna mgombea urais aliyevuka nusu ya kura na kupata angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. "Running mate" ni mgombea mwenza. Nashukuru aliyetangulia kulitunga, maana kuliacha lilivyo kungetuletea mate ya kwenye mdomo.

Kriketi inabaki ngumu. "Run" huko ni alama, na mpira ukivuka mpaka wa uwanja mpigaji hupewa nne au sita bila kuinua mguu. Kwa hiyo "mbio sita" inapotosha. "Alama sita" inatosha.

Ombi langu kwa dawati la tafsiri ni dogo. Bandikeni ukutani karatasi yenye vifungu kama ishirini hivi vya "run" vinavyojirudia kwenye habari za mashirika ya nje, kila kimoja na Kiswahili chake. Mkikutana na kipya, fungeni macho msilione neno lenyewe, mjiulize mtu wa sokoni angesemaje jambo hilo likimtokea. Mkishalipata, liongezeni kwenye karatasi kabla zamu haijabadilishana.

Mfasiri,
Morogoro