Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Roxana Mînzatu kuhusu mafunzo ya ufundi nje ya nchi

Kwa Mheshimiwa Roxana Mînzatu,
Makamu Mtendaji wa Rais wa Kamisheni ya Ulaya,
Brussels.

YAH: UBORA WA MAFUNZO YA NJE YA NCHI CHINI YA ERASMUS+

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa wote unaofanya nao kazi. Sisi ni wakufunzi na waratibu wa vyuo vya ufundi katika nchi kadhaa za Ulaya, na vijana wetu huwapeleka nje kupitia Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya inayogharimia masomo na mafunzo nje ya nchi. Tunaandika kwa Kiswahili makusudi. Miongoni mwa vijana tunaowapeleka nje wamo ambao wazazi wao wametoka Goma, Kigoma, Mombasa na Bujumbura, na wazazi hao ndio wanaotia saini ya ridhaa mtoto akiwa hajatimiza miaka 18. Wana haki ya kujua wanachokitilia saini. Tafsiri utaletewa.

Mwaka 2020 Baraza la Umoja wa Ulaya liliweka lengo kwamba ifikapo 2025 asilimia 8 ya wanafunzi wa ufundi wawe wamepata mafunzo nje ya nchi. Mei 2024 lengo likapandishwa: angalau asilimia 12 ifikapo 2030, na asilimia 23 kwa wahitimu wa vyuo vikuu. Hatuna ugomvi na malengo hayo. Ugomvi wetu ni kwamba asilimia hizo zinamhesabu aliyekwenda. Kama amerudi na ujuzi ambao chuo chake kimeupokea na kuuandika kwenye matokeo yake, hazisemi. Kijana aliyefagia gereji wiki tatu na kijana aliyefungua injini na kuifunga wote ni mmoja mmoja kwenye jedwali.

Sehemu kubwa ya ubovu huanzia kwenye karatasi moja, nayo ni mkataba wa mafunzo unaotiwa saini na chuo kinachotuma, kampuni inayopokea na mwanafunzi mwenyewe. Palipoachwa nafasi ya kueleza atakachojifunza, mara nyingi utakuta: "Atajifunza uchomeleaji na kufanya kazi kwa ushirikiano." Msimamizi wa karakana akisoma hivyo Jumatatu asubuhi anaona amepata msaidizi. Anampa grainda asafishe kingo za bamba ambazo wengine watazichomelea. Wiki ya tatu ikiisha kijana anaijua grainda barabara, na mkono wake haujashika tochi ya kuchomelea.

Linganisha na mkataba ulioandikwa na mtu wa fani: "Hadi mwisho wa wiki ya tatu mwanafunzi ataunganisha bamba mbili za chuma cha kaboni zenye unene wa mm 8, kiungo cha pembe, kwa MAG, mchakato 135, mkao PB, waya wa mm 1.2, gesi ya agoni iliyochanganywa na asilimia 18 ya kaboni dioksaidi. Ataseti mwenyewe volti na kasi ya waya, atapima mshono kwa geji, na vitundu vikitokea ataeleza chanzo chake." Namba 135 (uchomeleaji wa MAG, wa waya na gesi) na herufi PB (mkao wa kiungo) zinatokana na viwango vya kimataifa vya ISO, kwa hiyo mchomeleaji wa Porto na wa Gdańsk wanazisoma kwa maana ileile bila mkalimani. Vitundu navyo vina sababu zinazofahamika: mlango umeachwa wazi na upepo unapeperusha gesi, kutu au rangi haikuondolewa, au gesi inatoka chini ya lita 12 hivi kwa dakika. Mwanafunzi anayeweza kukagua hayo matatu kwa mpangilio bila kuambiwa ameshajifunza kitu kinachopimika.

Mkataba wa namna hiyo unamsaidia mwenyeji pia. Anajua anatakiwa atenge mashine moja kwa saa mbili kila siku, vipande vya bamba vya kuharibia, na geji. Anaweza hata kusema "hatuna nafasi hiyo", na akisema kabla ya tiketi kukatwa, amewatendea wema wote. Tunachoomba hapa ni kwamba Mwongozo wa Programu uagize kila mkataba wa mwanafunzi wa ufundi utaje kazi tatu hadi sita zinazopimika, vifaa vya kila kazi, na jina la mkufunzi wa fani aliyeziandika. Mratibu wa ofisi asiziandike peke yake. Tunasema hivyo tukijua kwamba baadhi yetu ni waratibu wa ofisi.

Ziara ya maandalizi ni jambo zuri linalotumiwa vibaya. Programu inaruhusu hadi watu watatu kwa ziara moja, na kwa viwango vya miaka ya karibuni kila mmoja hulipiwa euro 680. Wanaokwenda mara nyingi ni wakuu. Wanapiga picha mapokezini, wananywa kahawa, wanarudi. Mkufunzi wa fani angeingia hadi nyuma ya karakana aulize mashine ipi itakuwa huru na saa ngapi, viatu vya usalama vya namba 37 vipo au vyote ni 43, na nani hasa atakaa na kijana msimamizi akiwa likizoni. Angeuliza usafiri pia. Zamu ikianza saa 12 asubuhi na basi la kwanza kutoka hosteli likafika saa 1 na nusu, mafunzo yameshavunjika kabla hayajaanza, na hakuna fomu ya programu itakayolionyesha hilo. Agizeni kwamba kwa mwenyeji mpya ziara iwe ya lazima na mmoja wa waendao awe anafundisha fani inayohusika.

Fani ya uokaji mikate inatupa taabu ya pekee. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vijana walio kazini, ya mwaka 1994, haimruhusu kijana chini ya miaka 18 kufanya kazi za kawaida usiku. Nchi zinaweza kulegeza, lakini kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri zimebanwa sana. Ujerumani, kwa mfano, kijana aliyetimiza miaka 16 anaweza kuanza kazi kwenye kiwanda cha mikate saa 11 alfajiri, na aliyetimiza 17 saa 10. Sasa, unga unakandwa lini? Mahali pengi kazi ya kukanda, kupima na kuviringa imeshafanyika saa 8 na saa 9 usiku. Kijana wa miaka 16 anaingia mikate ikitoka kwenye oveni, anabaki kupanga trei na kufunga maboksi. Kampuni haijakosea, imefuata sheria. Aliyekosea ni aliyempeleka bila kuuliza umri na ratiba. Dawa ipo: tafuteni mwenyeji anayelaza unga kwenye friji na kuuviringa asubuhi, au anayetengeneza keki na maandazi mchana, au msubiri kijana atimize 18. Fomu ya maombi ingeuliza tu "kazi muhimu za fani hii hufanyika saa ngapi?" makosa haya yangepungua sana.

Kuhusu msimamizi. Fedha za uendeshaji huingia kwa chuo au taasisi iliyoomba. Kampuni inayotoa saa za fundi wake bora kwa kawaida haipati senti kutoka kwenye mfuko huo. Matokeo yake kijana hupewa fundi mwenye nafasi, na mwenye nafasi si lazima awe ndiye anayejua kufundisha. Hatuombi mishahara. Tengeni kiasi kidogo kinachofuata saa za usimamizi zilizoandikwa na kusainiwa na pande mbili, fundi na mwanafunzi, kilipwe kazi zilizotajwa kwenye mkataba zikishapimwa. Na chuo kinachotuma kipige simu siku ya tatu. Tunasema siku ya tatu kwa sababu siku ya kwanza kila mtu ni mgeni na kila kitu ni kizuri; mwisho wa wiki ya kwanza kijana ameshazoea kusimama pembeni, na kumtoa pembeni ni kazi.

Wapo pia madalali. Viwango vya ubora vya Erasmus vimesema wazi kwamba kazi za msingi hazikasimiwi kwa mwingine: kuchagua aina ya mafunzo, muda, mwenyeji, na kuamua na kupima kitakachojifunzwa. Mtu wa kati anaruhusiwa kusaidia malazi na usafiri. Lakini katika hali halisi chuo kisicho na watu wa kutosha humkabidhi kila kitu. Dalili yake ni rahisi kuiona: jina la kampuni kwenye mkataba linabadilika wiki ya mwisho, na mahali pa mwenyeji linaonekana jina la dalali mwenyewe. Kijana wa umeme wa majumbani anajikuta anahesabu nyaya kwenye stoo ya duka la vifaa. Mawakala wa kitaifa, yaani taasisi zinazosimamia programu katika kila nchi, wanaweza kuliona hili kwenye mfumo bila kutoka ofisini, kwa kutazama tu ni mikataba mingapi imebadilishiwa kampuni ndani ya siku 14 kabla ya safari.

Kalenda nayo inachangia. Vyuo vyenye ithibati ya Erasmus huomba fedha Februari na miradi huanza Juni 1. Ni mwanzo wa kiangazi, na Agosti kampuni nyingi ndogo za Italia, Hispania na Ufaransa hufunga. Chuo kinachotaka kupeleka kundi mwishoni mwa Septemba kinatafuta karakana wakati ambapo simu haipokelewi, na hapo ndipo dalali anapopata soko.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa hasa wasomaji wa barua hii. Programu inagawa safari za ufundi mara mbili: fupi, siku 10 hadi 89, na ndefu, inayoitwa ErasmusPro, siku 90 hadi 365. Kijana mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi anayeishi Ulaya kwa kibali cha ukaazi anaweza kukaa nchi nyingine ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani) siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa. Kiwango cha chini cha safari ndefu ndicho kikomo chake cha juu kabisa. Afike Jumapili ili aanze kazi Jumatatu, ameshapita. Akiwa alimtembelea shangazi yake Antwerp miezi miwili nyuma, siku hizo nazo zinakatwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeingia kwa kibali cha masomo ana njia: agizo la mwaka 2016, namba 2016/801, linamruhusu chini ya programu ya Umoja kusoma nchi ya pili hadi siku 360, ukiondoa Denmark na Ireland ambazo agizo hilo haliwafungi. Mwanafunzi wa ufundi hana mlango kama huo. Anabaki na safari fupi, au anaomba kibali cha taifa kinachoweza kutoka baada ya tarehe ya kuondoka kupita.

Bima ina mtego wake. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya hutolewa pia kwa mkaazi halali asiye raia wa Umoja, lakini kwa kawaida mtu huyo hawezi kuitumia Denmark, Iceland, Liechtenstein, Norway na Uswisi. Waratibu wengi hawalijui hilo mpaka kijana afike hospitali na kidole kilichochanika. Hata kwa raia, kadi hiyo inahusu matibabu ya umma tu. Haigusi fidia ya ajali kazini wala hasara atakayomsababishia mwenyeji. Bima tatu zinatakiwa zithibitishwe kwa nakala kabla ya safari: matibabu, ajali kazini, na dhima kwa watu wengine. Mzazi, ukiletewa karatasi ya ridhaa isiyotaja zote tatu, uliza kabla ya kusaini.

Kuhusu vyuo vikuu tutasema machache, kwa kuwa huko sheria zipo na zinajulikana. Matokeo ya mwanafunzi yanatakiwa yatumwe ndani ya wiki tano tangu kutangazwa, na krediti zilizokubaliwa kwenye mkataba wake zipokelewe zote bila mtihani wa ziada. Kinachokosekana ni wa kuwabana wasiotekeleza. Upande wa ufundi hata sheria hiyo haina nguvu sawa: pointi za ECVET, yaani krediti za mafunzo ya ufundi, zilizoanzishwa 2009 zilizikwa kimyakimya na pendekezo la 2020, na mahali pake pamebaki hati ya Europass, inayoeleza alichojifunza kijana nje, ambayo chuo kinaweza kuisoma, kuisifia, halafu kumwambia kijana afidie wiki alizokosa darasani.

Mheshimiwa, Julai 2025 Kamisheni ilipendekeza euro bilioni 40.8 kwa Erasmus+ ya 2028 hadi 2034. Ndani ya kanuni zitakazofuata tunaomba kila wakala wa kitaifa atangaze kila mwaka, kwa kila chuo, wanafunzi wa ufundi waliorudi na kazi zote za mkataba zikiwa zimepimwa na kupokelewa na chuo chao ndani ya wiki nne. Takwimu hiyo ikae kando ya asilimia 12, kwenye ukurasa uleule.

Lakini lile la siku 90 lisisubiri 2028. Ruhusuni safari ya siku 80 ya mwanafunzi asiye raia wa Umoja ihesabiwe kuwa ndefu, kwa masharti na msaada uleule wa ErasmusPro. Ni sentensi moja kwenye Mwongozo wa Programu, nao hutolewa upya kila mwaka. Tunaomba jibu la maandishi kuhusu hilo kwanza.

Wako,
Wakufunzi na waratibu wa mafunzo ya ufundi, wazungumzaji wa Kiswahili, Ulaya

Nakala: Wajumbe wa Kamati ya Utamaduni na Elimu, Bunge la Ulaya