Pera si pome, Mhariri

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa Jumapili iliyopita umenitia kazini. Mliandika kwamba "pome", kwa wataalamu wa mimea, ni tunda lolote la mviringo lenye nyama tamu, mkataja tofaa, pera, komamanga, hata nyanya. Jumatatu wanafunzi wangu wa hapa Katuba wakaja na gazeti mkononi kunibishia, na gazeti, mnajua wenyewe, lina nguvu kuliko chaki.

Fujo yote imeletwa na jina. Kwa Kilatini pomum lilikuwa tunda lolote la mti. Tofaa lenyewe Waroma waliliita malum. Wafaransa ndio walioibana maana mpaka ikabaki pomme, yaani tofaa, pome hii tunayouziwa soko la Kenya hapa Lubumbashi baada ya kupita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini. Ila maana ya zamani haikufa: komamanga liliitwa pomum granatum, tunda lenye punje, na kiazi ulaya kikaitwa pomme de terre. Mkifuata majina, kiazi nacho kitaingia kwenye orodha yenu!

Mtaalamu wa mimea anauliza tunda limetokana na sehemu gani ya ua. Kata pome kwa upana, si kwa urefu. Katikati kuna nyota ya vyumba vitano vyenye kuta ngumu kama ukucha, mbegu zimo humo. Nyota hiyo ndiyo iliyokuwa ovari, sehemu ya ua inayobeba mbegu. Nyama tunayotafuna, karibu yote, ni kikombe cha ua kilichovimba kikaizunguka. Tazama vizuri, utaona duara la vidoadoa: ni mishipa iliyokuwa ikilisha petali. Matunda ya namna hiyo ndiyo mtaalamu anayoyaita pome, nayo ni ya jamaa ya waridi tu.

Pera halimo. Mpera ni ndugu wa mkaratusi na mkarafuu, na mbegu zake zimetapakaa kwenye nyama, nyota hakuna. Jina tumelipata kwa Wareno, ambao kwao pera ni pware, yaani peasi, na pware ni pome kweli. Pengine hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza.

Mkichapa masahihisho, wekeni picha ya pome iliyokatwa kwa upana. Kununulia darasa zima siwezi, bei haishikiki. Nitaomba nefle za Japani (matunda madogo ya manjano, kwa Kiingereza loquat) kwa jirani yangu, nazo ni pome vilevile, japo mbegu zake kubwa zimekula nafasi yote ya nyota.

Mwalimu wa biolojia,
Katuba, Lubumbashi