Barua kwa mwanangu: nani atamshika Baraka?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kupitia kwa mama yako, kama ninavyopata habari zako zote siku hizi. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia. Jicho la kushoto linaona vizuri tangu lilipopasuliwa, la kulia bado lina mtoto wa jicho, na daktari amesema lisubiri mpaka arudi kutoka huko kwako. Anaondoka Alhamisi usiku. Barua hii ataibeba mwenyewe, nimeiweka ndani ya kanga ya kijani, kwa hiyo usiikung'ute kanga ovyo.

Ratiba yako ya kutoka Paris kwenda Giverny, kwenye bustani ya yule mchoraji Monet, nimeisoma. Mama yako alinionyesha kwenye simu, maandishi yakanishinda, nikampa kijana wa stesheneri anitolee kwenye karatasi. Ni ratiba nzuri, na anayekwambia hivyo ni mtu aliyekaa stesheni miaka 31. Umeandika treni ya kwenda, treni ya kurudi, na ya akiba kama hiyo ya kurudi itafutwa. Umeandika tiketi za bustani zinunuliwe mapema ili msipange foleni juani. Umeandika nani abebe maji, nani abebe chakula, nani abebe kofia ya bibi. Hata Neema amepewa kamera. Nimeipitia mara tatu nikitafuta palipoandikwa nani atamshika Baraka, sijapaona.

Labda umeona ni jambo lisilohitaji kuandikwa, kwamba mko watu wazima watatu na mmojawenu atamshika. Hapo ndipo ninapokataa. Mtoto mwenye watu wazima watatu anaweza kukosa hata mmoja, maana kila mmoja anaamini yuko na mwenzake. Andika jina. Andika "Baraka: baba yake, kuanzia mlangoni hadi stesheni ya Vernon", kisha "Baraka: mimi, kuanzia Vernon hadi bustanini". Kazini tulipokabidhiana zamu tulitia saini. Sikwambii mtie saini, lakini semeni kwa mdomo: nimekukabidhi. Na mwenzako ajibu: nimepokea.

Nilivyoiona stesheni ya Saint-Lazare hapo Paris nilipokuja kwenu unajua, mumeo alikusimulia, na najua mlicheka kwamba mzee alisimama nusu saa akitazama mabehewa. Lakini nilikuwa natazama watu pia. Pale kuna njia 27 za treni. Watu wanapanda kutoka kwenye metro, ile treni ya chini ya ardhi, ghorofa tatu za ngazi za umeme na maduka, wanafika ukumbini wanasimama wakiutazama ubao. Namba ya njia haitokei mapema. Ikitokea, umati wote unaondoka kwa mpigo mmoja. Mtoto hapotei wakati wa kusubiri, mwanangu. Wakati wa kusubiri kila mtu anamwona. Anapotea pale namba inapotokea, kila mtu anapoinama kuchukua mzigo wake. Kwa hiyo namba ikitokea, mwenye Baraka asiokote kitu chochote. Mikono yake iwe mitupu.

Na hizo dakika 12 ulizojipa kati ya metro na treni ni chache. Zinamtosha mtu mmoja mwenye miguu mizuri. Nyinyi mko watano, mmoja ana goti na mmoja ana miaka minne. Wale jamaa hufunga milango ya treni dakika 2 kabla ya saa ya kuondoka, na wako sahihi kabisa, hata mimi ningefunga. Ongeza nusu saa. Kaeni mle mumwonyeshe Neema lile paa la chuma na vioo. Mwambie kwamba mwaka 1877 huyo huyo Monet mnayekwenda kuona bustani yake aliingia ndani ya stesheni hiyo akachora injini na moshi wake, picha baada ya picha. Mimi nilipofika niliutafuta huo moshi nikakuta umeme mtupu. Hata hivyo nilifurahi sana kujua kwamba mchoraji mkubwa namna ile aliliona garimoshi kuwa kitu cha kuchorwa. Maua yalikuja baadaye.

Safari yenyewe haina shida, ni kama dakika 50, kilomita zipatazo 80. Mama yako mpe dirisha la kulia, maana mkishapita mji wa Mantes mto Seine unaonekana upande huo. Treni za kule hupita kushoto ingawa magari yao yanapita kulia. Nilipouliza nikaambiwa ni mkono wa Waingereza: reli hiyo ya kwenda Rouen ilifunguliwa mwaka 1843 na mhandisi wake alikuwa Mwingereza, Joseph Locke. Mweleze mumeo, alishindwa kunijibu siku ile.

Kushuka Vernon ndiko kunakohitaji mpango. Treni haimalizi safari pale, inasimama kidogo na kuendelea. Kwa hiyo msisubiri isimame ndipo mwanze kutafuta viatu vya Baraka chini ya kiti. Mumeo ashuke kwanza, apokee mtoto, halafu bibi, halafu Neema, wewe ufunge nyuma ukiangalia viti. Mtoto mdogo asishuke wa kwanza na asishuke wa mwisho. Hilo nimewaambia abiria maelfu, naona ajabu kidogo kuliandika kwa mwanangu mwenyewe. Nje ya stesheni kuna basi la kwenda Giverny, kama kilomita 5. Watu watakimbia kuliwahi. Waacheni wakimbie.

Sasa bustani. Ulichagua Julai na umechagua vizuri, yungiyungi zitakuwa zimechanua. Kwenda asubuhi pia ni sawa, kwa sababu maua yale hujifunga jioni inapokaribia. Sehemu ya juu, mbele ya ile nyumba ya waridi yenye madirisha ya kijani, haina hatari. Ni maua pande zote na vijia vyembamba, Baraka atakachoharibu ni maua ya watu, na mtakemewa tu. Chakula msikitoe mle ndani, hawaruhusu, kulieni nje.

Shida iko ng'ambo. Kwenda bwawani mtapita kwenye njia ya chini ya barabara. Nilipopita pale nilimuuliza mumeo kwa nini bustani imekatwa vipande viwili, akasoma kwenye kijitabu: zamani hapo palipita reli. Monet alihamia Giverny mwaka 1883 akiwa mpangaji, akanunua nyumba 1890, na ardhi ya bwawa akainunua 1893, ng'ambo ya reli. Majirani walipinga, waliogopa mimea yake ya kigeni ingewaharibia maji ya mto. Lakini mimi akili ilibaki kwenye reli. Nyumba ile ilihamiwa na watoto wanane, wawili wa Monet mwenyewe na sita wa mama aliyekuja kuwa mke wake. Wadogo wawili walikuwa na miaka mitano. Treni ilikuwa ikipita mbele ya geti. Nilisimama nikijiuliza ni nani alikuwa akiwashika. Mumeo akadhani nimechoka, akanitafutia benchi.

Wewe pia ulikuwa na miaka mitano. Habari yenyewe unayo, sina haja ya kuirudia, wala sijui unakumbuka kiasi gani na kiasi gani umekisikia kwangu. Maana nimeisimulia sana, kwenye harusi yako nimeisimulia na watu wakacheka: Rehema alivyotoroka akapanda treni akaenda stesheni ya mbele. Daftari la treni la siku ile nililijaza mwenyewe. Saa ya kufika iko, saa ya kuondoka iko, mizigo iliyoshushwa iko, yote kwa mwandiko mzuri. Mama yako alikuwa hospitali. Mtoto wa miaka mitano hatoroki, Rehema. Nilipokuwa kwenye lile benchi niliona nisiisimulie tena namna ile.

Basi. Bwawani. Ukingo wake uko chini, na majani ya yungiyungi yametandaa juu ya maji kama mkeka. Mtu mzima anajua chini yake kuna maji. Mtoto wa miaka minne anaona mahali pa kukanyaga. Nimekaa pale nikatazama watoto wa watu, nimeona mmoja ameshanyoosha mguu. Halafu kuna lile daraja la kijani la Kijapani, ambalo kila anayefika anataka kupigiwa picha juu yake, na nyinyi mtataka picha ya bibi, na ni haki yake. Lakini wakati wa picha watu wote wanatazama upande mmoja. Anayemshika Baraka asiwemo kwenye picha. Akae chini ya mierebi na mtoto wake, apigwe baadaye.

Na asiwe mama yako. Namjua, atasema "nipe mimi mjukuu wangu nimshike, nimekuja kwa ajili yake". Mpe amshike mkiwa ndani ya treni, mmekaa. Bwawani hapana. Mtoto akiwa upande wa kulia kwake hamwoni, na hatakwambia, kwa sababu hapendi kuonekana mgonjwa. Mwambie kwa upole kwamba Monet naye alikuwa na mtoto wa jicho, akachelewachelewa upasuaji kwa woga, rangi zikaanza kumbadilikia machoni, hadi 1923 alipokubali kupasuliwa jicho la kulia. Labda ukimweleza hivyo naye atakubali la kwake bila kunisumbua. Akichoka na safari ya Giverny isiwezekane, pale pale Paris kuna jumba la makumbusho la Orangerie, vyumba viwili vya umbo la yai vyenye yungiyungi zile zile alizozichora Monet ukutani, watu wanakaa katikati kwenye viti. Maji ya pale hayazamishi mtoto.

Usinielewe kwamba napinga safari. Nilikuwa na kibali cha kusafiri bure na familia yangu, kila mwaka. Nilikitumia kwenda misibani. Kuwapeleka nyinyi matembezi, siku moja tu, tukaangalie kitu na kurudi, sikumbuki kama niliwahi kufikiria. Wewe unawatoa wanao na mama yako siku nzima kwenda kutazama maua, na umepanga kila kitu kwa dakika. Kijana wa stesheneri aliponipa karatasi nilimwambia hii ni kazi ya binti yangu. Akaniuliza kama na wewe ulisomea reli.

Ila ungenipigia mimi. Siyo mama yako peke yake. Ningekwambia haya yote kwa dakika kumi, nisingelazimika kuyaandika.

Mambo ya nyumbani mama yako atakueleza. Tangi la maji limezibwa, halivuji. Mabati tumenunua 18 badala ya 24, upande wa jikoni utasubiri. Fedha iliyobaki nimemlipia mdogo wako ada, kwa sababu walikuwa wamemrudisha nyumbani na sikutaka kukusumbua mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Mbuzi amezaa pacha, mmoja hakunyonya vizuri lakini yupo. Mumeo mwambie bisibisi alizonipa zinafanya kazi, nimetengeneza saa ya ukutani na redio ya jirani. Kama mama yako atarudi na nafasi kwenye begi, naomba miwani ya kusomea, namba ileile. Hiyo tu.

Ukishaandika jina la mtu mbele ya jina la Baraka, nitumie ratiba upya. Nitaitoa kwenye karatasi niiweke ukutani, na siku hiyo nitaifuata saa kwa saa. Mkishuka Saint-Lazare jioni, kabla hamjaingia kwenye metro, nipigie. Nitakuwa macho.

Dawa ya macho ya mama yako iko mfuko wa mbele wa begi dogo. Tone moja asubuhi na moja usiku, jicho la kushoto. Atakwambia ameshaweka. Angalia chupa.

Ni mimi baba yako.