Kaya si mtu mmoja

Mhariri,

Kila makala za uchumi zinapogusia matumizi ya nyumbani, hukumu huwa ile ile: watu hawajui kupanga fedha zao. Inaniuma, kwa sababu wanaoitoa ni nadra kueleza walichopima.

Kipimo kipo. Mwaka 1938 mwanauchumi Paul Samuelson alitoa wazo lenyewe: usimuulize mtu anapenda nini, tazama alichonunua na alichokiacha ingawa alikimudu. Mwaka 1967 mwenzake Sydney Afriat alionyesha namna ya kukagua orodha nzima ya bei na manunuzi ili kuona kama chaguo za mtu zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na mwaka 1982 mwanauchumi Hal Varian akaurahisisha ukaguzi huo.

Chukulia kaya inayonunua sabuni na dawa ya meno tu. Juma la kwanza sabuni ni 1, dawa ni 2. Wananunua sabuni 2 na dawa 4, jumla 10. Juma la pili bei zinageuka, sabuni 2 na dawa 1, nao wanachukua sabuni 4 na dawa 2, jumla 10 vilevile. Sasa piga hesabu: kila juma, kikapu cha juma jingine kingewagharimu 8 tu. Wamekikataa hiki wakachukua kile, kisha wakakikataa kile wakachukua hiki. Fahirisi ya Afriat, alama inayompa 1 mtu ambaye chaguo zake hazipingani, inawapa 0.8, kana kwamba moja ya tano ya fedha zao imekwenda bure.

Mtafiti anaandika: kaya hii haina mantiki. Mimi nauliza: nani alikwenda dukani? Kama juma la kwanza alikwenda mume na la pili akaenda mke, kila mmoja wao anaweza kuwa na msimamo usioyumba, na bado daftari la nyumba likasomeka kama la mtu asiyejua anachotaka.

Ushahidi upo. Martin Browning na Pierre-André Chiappori walichunguza matumizi ya kaya za Kanada na kuchapisha matokeo 1998: watu wanaoishi peke yao hawakupingana na nadharia ya mlaji mmoja, inayochukulia kwamba anayechagua ni mtu mmoja, ila wanandoa walipingana nayo. Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, posho ya watoto ilihamishwa kutoka mfuko wa baba kwenda mkononi mwa mama. Matumizi ya nguo za wanawake na watoto yakapanda yakilinganishwa na nguo za wanaume. Aliyeshika fedha ndiye aliyebadilika.

Hata kufaulu kipimo hiki kusitupumbaze. Kipato kikipanda sana huku bei zikitulia, karibu kila mtu atafaulu, hata anayeokota vitu bila kufikiri, kwa kuwa kikapu kipya hakikuweza kununuliwa kwa kipato cha zamani, hivyo vikapu vya zamani na vipya havigombani tena.

Ombi langu kwako, Mhariri: mwandishi wako akileta tena habari kwamba familia hazina busara ya fedha, mrudishe akaulize mambo mawili. Manunuzi yaliandikwa kwa jina la kaya au la kila mtu? Na bei zilibadilika kiasi cha kuwezesha mtu kufeli? Asipopata majibu, habari hiyo isubiri.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi