Barua ya Malalamiko: Dereva wa Pili Tuliyemlipia Hakuandikishwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOANDIKISHWA KWA DEREVA WA PILI NA KUPEWA GARI LISILORUHUSIWA KUINGIA CHEKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma na nina kiwanda kidogo cha mvinyo. Septemba iliyopita mimi na mume wangu tulisafiri kwenda Ujerumani na Ufaransa kwa mpango mliotuandalia ninyi: tiketi, hoteli, na gari la kukodi la kuchukulia uwanja wa ndege wa Frankfurt. Nilimweleza ofisa wenu ana kwa ana jinsi tulivyogawana kazi. Kwenye mvinyo ataendesha mume wangu, kwenye bia nitaendesha mimi. Ndiyo maana tulilipia ada ya dereva wa pili, ambayo ipo kwenye ankara yenu, na tukawakabidhi nakala za leseni zetu wote wawili pamoja na za kimataifa.

Jina la mume wangu halikufika Frankfurt.

Tulilijua hilo tukiwa bonde la mto Mosel, karibu na Bernkastel-Kues, taa ya upepo wa tairi ilipowaka kwenye dashibodi. Mume wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nikapiga namba ya msaada ya kampuni yenye gari, na kabla ya chochote wakaniuliza nani anaendesha. Nilipomtaja, dada wa kule akaniambia mkataba una jina moja tu, langu, na kwamba asiyeandikwa akiendesha bima haitulindi, hata gari likikwaruzwa ukutani tutalipa wenyewe. Akaifungua oda iliyotoka kwenu: dereva mmoja. Tukabadilishana viti palepale kando ya barabara.

Jambo hili lingeweza kuisha siku ileile. Walikuwa tayari kumwandikisha mume wangu katika ofisi yao ya Trier, mji usio mbali na hapo, mradi afike na leseni yake na tulipie upya. Niliwatafuta ninyi kwanza kwa sababu fedha hiyo mlikuwa mmeshaipokea. Ofisa wenu akanijibu kwa WhatsApp: "Dada msilipe tena, tunalishughulikia, leo litakuwa limeisha." Kesho yake: "Bado kidogo dada, tunasubiri majibu yao." Tulipovuka kuingia Ufaransa: "Vumilia kidogo." Tunarudisha gari Frankfurt, mkataba bado una jina moja. Ujumbe wote nimeuambatanisha.

Katika majibu yenu ya kwanza mliandika kwamba huduma ya gari ilitolewa kikamilifu. Naomba basi mnisikilize nieleze nilichokosa.

Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Jua tunalo la kutosha, na sukari kwenye tunda haitusumbui. Kinachotusumbua ni uchachu, kwa sababu joto huumaliza zabibu ikiwa bado juu ya mti, na mvinyo usio na uchachu hupoa mdomoni, hauna uhai. Mosel ni kinyume chake: ni kaskazini, kuna baridi, wanavuna mara moja tu, na zabibu yao ya Riesling inasifika kwa uchachu. Mizabibu wameipanda kwenye miteremko ya mawe ya sleti yanayoshika joto la mchana na kulirudisha usiku. Huko Bremm, kwenye mlima uitwao Calmont, mteremko unafika nyuzi 65. Mkulima anapandisha vifaa kwa kitoroli kinachotambaa juu ya reli moja. Nilikwenda kuonja uchachu ule mwenyewe, glasi kwa glasi, mwaka kwa mwaka, nijue tunaukosea wapi huku kwetu.

Mzee mmoja mwenye mashamba alitushusha kwenye ghala lake chini ya nyumba, akapanga glasi juu ya pipa na kutumiminia Riesling ya miaka tofauti kutoka kipande kimoja cha shamba. Mkulima hampi kila mpita njia nafasi ya namna ile. Nilizungusha glasi, nikanusa, nikampa mume wangu. Nikamuuliza inakuwaje. Akafikiri, akasema, "Kama limau, halafu kuna utamu kwa mbali." Nikaandika. Glasi iliyofuata akasema hivyohivyo. Mume wangu ni mnywaji wa bia, alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, na sina neno naye. Lakini daftari langu la Mosel limejaa ladha za ulimi wa mtu mwingine.

Alsace, upande wa Ufaransa, ilikuwa hivyohivyo. Njia ya Mvinyo ya kule ilizinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kilomita zipatazo 170 kutoka Marlenheim hadi Thann, na kila kijiji unachopita, Riquewihr, Eguisheim, milango ya wazalishaji iko wazi. Niliipita nikiwa nimeshika usukani.

Mliniandikia pia kwamba "waonjaji wa mvinyo hutema." Hutema, ndiyo. Mimi hutema kila siku kazini, na najua kwamba hata ukitema kuna kinachoingia, na baada ya glasi nyingi kinakuwa si kidogo. Ujerumani na Ufaransa kikomo kwa dereva ni asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Nilikuwa kwenye barabara nisizozijua, naendesha upande wa kulia nisiouzoea, mume wangu yuko pembeni yangu. Sentensi ile imeniumiza kuliko kosa lenyewe, na naomba muifute kwa maandishi.

Zamu ya bia nayo mliivuruga. Bamberg, mji wa Ujerumani, ilikwenda vizuri, mume wangu alikunywa ile bia yao ya kimea kilichokaushwa kwa moshi wa kuni, nami nikaendesha kama tulivyopanga. Ila safari ilikuwa iishie Plzeň, nchini Cheki, ambako mwaka 1842 Josef Groll alipika bia ya kwanza ya aina ya pilsner. Hoteli ya Plzeň mliilipia kwa fedha yetu. Gari mliloagiza lilikuwa la daraja ambalo wenye gari hawaruhusu liingizwe Cheki, na sharti hilo lipo kwenye vocha waliyowatumia ninyi. Hatukwenda.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ada yote ya dereva wa pili pamoja na gharama ya hoteli ya Plzeň. Naomba pia maelezo ya maandishi kwa nini ofisa wenu alinizuia kulipia Trier ilhali hakukuwa na chochote kilichokuwa kinashughulikiwa, kwani wenye gari wamenithibitishia kwa barua pepe kwamba hawakupokea ombi lolote kutoka kwenu hadi tuliporudisha gari. Barua pepe hiyo ni kiambatisho cha mwisho.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila majibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyote.

Mteja wenu,
Dodoma.

Viambatisho: ankara, nakala za leseni, mkataba wa gari, vocha, ujumbe wa WhatsApp, barua pepe ya kampuni yenye gari.