Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndulele, Mnavu na Swali la Saratani

Ndugu wanachama, waganga wenzangu na wakulima wa mboga wa Tabora,

Hesabu za ada ziko kwenye daftari la mhazini, na kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Taarifa hii naitoa kwa swali lililoulizwa kuliko mengine yote mwaka huu: je, ndulele, ule mmea wa porini wenye matunda machungu, inatibu saratani?

Habari kwamba inatibu zina asili ya kweli. Ndulele, mnavu, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na mimea hiyo hujitengenezea sumu chungu ya kujikinga na wadudu na ukungu. Kwenye tunda la ndulele zilizo maarufu ni mbili, solamarjini na solasonini. Kiini chao ni kimoja, solasodini; zinatofautiana katika sukari tatu zilizoshikamana nacho. Maabarani, seli za saratani zikiwekewa solamarjini kwenye kisahani, hufa. Tafiti za namna hiyo ni nyingi.

Lakini tuangalie inavyoua. Sumu hizi hushika kolesteroli iliyo kwenye utando wa seli na kuutoboa. Seli nyekundu za damu nazo zina kolesteroli, kwa hiyo hupasuka vilevile. Tena mtu akizinywa, kiasi kidogo tu huingia damuni. Utumbo ndio unaoumia kwanza, kwa kutapika na kuhara, kisha huja kuchanganyikiwa. Kwa solanini ya viazi, ndugu yake wa karibu, miligramu 2 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili humlaza mtu kwa ugonjwa. 3 hadi 6 zinaweza kumuua. Kati ya kuumwa na kufa hakuna nafasi ya kubahatisha.

Na kuchemsha chunguni hakutusaidii. Maji yanayochemka hayazivunji sumu hizi. Anayechemsha vikombe vitatu mpaka kibaki kimoja anazidisha ukali karibu mara tatu. Akitia ndimu au ukwaju anaharibu zaidi, maana uchachu huzivuta kutoka kwenye tunda. Halafu kumwambia mtu achemshe “matunda matano” si kipimo: mabichi kwa kawaida ni makali kuliko yaliyoiva, na ya Sikonge hayalingani na ya Nzega.

Kwa hiyo namwomba kila mwanachama asimpe mgonjwa wa saratani ndulele ya kunywa, wala asiipake kwenye kidonda. Hili la kupaka linanisumbua sana kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi mapema. Dawa kali hukausha juu, gaga likafunga, jamaa wakashangilia, na chini yake saratani inazidi kuchimba. Kidonda kilichopita mwezi bila kupona kipelekwe hospitali ya Kitete hapa Tabora, na madaktari wa huko wataamua kama ni hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kikiwahiwa kikiwa kidogo, mara nyingi kukatwa kunakimaliza.

Mboga tuendelee kula. Majani ya mnavu yachemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yanaondoka na sehemu ya uchungu; matunda mabichi yasiingie sufuriani. Viazi vikae gizani. Kilichogeuka kijani kimenywe kwa kina na macho yachimbuliwe. Kikiwa bado kichungu, kitupwe.

Tumbaku nayo ni ya ukoo huu, na yenyewe inaleta saratani. Wanachama wenye mabani ya kukaushia tumbaku wakague mabomba kabla ya kuwasha moto: moshi ukivuja ndani, gesi zake huungana na nikotini ya jani na kuzaa nitrosamini, ambazo ni chanzo cha saratani.

Mwisho ni daftari la dawa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 inatutambua, nasi tufanye kazi inayoweza kukaguliwa. Kwa kila dawa andika mmea, sehemu iliyotumika, mahali na tarehe ya kuchuma, gramu baada ya kukausha, mililita za maji, na yaliyompata mgonjwa, hata akitapika. Katibu atagawa fomu siku ya mkutano. Mwenye mizani ndogo aje nayo.